Maji ya Kumnawisha Dokta

Buyenzi, Bujumbura
Mwezi wa Shaabani

Kwa Mama yangu mzazi, Ujiji,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute mgongo umepoa na kuku wako hawajaibwa tena. Mimi na mjukuu wako Rukia tu wazima. Tunakula, tunalala, na ile milio ya bunduki huko milimani tumeizoea kama mtu anavyomzoea jirani mgomvi. Goti la mjomba Hamisi linaendeleaje? Usimwambie kuwa nimeuliza, maana ataanza kulieleza.

Mama, najua unanitazamia. Nilikuandikia kwamba kabla ya mfungo nitakuwa nimefika huko na mtoto na vyombo vyangu, kwa kuwa mji huu umenichosha. Kuchoka nimechoka kweli, tena leo zaidi ya siku ile, lakini siji. Usianze kulia, sijapatwa na risasi. Nimepatwa na mwanamume. Nakuandikia mwenyewe yote kwa sababu huyu anayekuletea barua, shemeji yake fundi Shabani anayekuja Kigoma kutafuta spea za magari, ana mdomo mpana na atakuwa ameshakusimulia ya kwake kabla hujafungua bahasha.

Unakumbuka mwaka jana Rukia alivyougua ile homa ya kukakamaa. Baba yake alikuwa ameshanipa talaka na kwenda zake Uvira kuoa. Siku ile vijana walikuwa wamefunga barabara kwa mawe, hakuna gari lililopita, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mtoto mikononi nalia kama kichaa. Sasa ubavuni mwa nyumba tunayopanga kuna gereji ya fundi Shabani, na pale kwenye tairi alikuwa ameketi bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi, anangoja gari lake litengenezwe. Kumbe ni daktari. Alimlaza Rukia juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, akafungua begi lake, akamchoma sindano mbili. Mtoto akapona, Mungu ashukuriwe. Ila Rukia alipofumbua macho, cha kwanza kukiona ni yule bwana na sindano mkononi. Tangu siku hiyo akisikia sauti yake anaingia mvunguni.

Huyo ndiye Dokta Gaspard. Anakaa Mutanga Nord, kwenye nyumba yenye jenereta, tangi la maji na mlinzi wa getini. Alisoma Ubelgiji miaka mingi na hajaoa. Jumapili iliyofuata alirudi, eti gari linagonga. Jumapili ya pili, eti breki. Fundi Shabani aliniambia kuwa gari lile lina afya kuliko yeye mwenyewe. Basi nikaelewa, mimi si mtoto. Na najua swali lako, Mama, yeye ni wa upande gani katika vita hivi. Karatasi hii itapita kwenye vizuizi vingi, kwa hiyo sitaliandika. Ni mtu wa watu, na mkono wake wa sindano ni mwepesi.

Nikaanza kupika siku za Jumapili. Nilipika vizuri, nisikudanganye. Nikavaa ile kanga uliyonipa. Na yeye anakuja, anakaa, ananitazama nikishona, anatabasamu, anakunywa chai, kisha kabla ya saa za amri ya kutotembea usiku anaaga na kwenda zake. Wanawake wenzangu wanaletewa vitenge, mimi naletewa dawa za minyoo. Siku moja alifungua kifurushi kilichofungwa vizuri, moyo ukanienda mbio, kumbe ni chandarua.

Hilo ningelivumilia. Sikuweza kuvumilia wagonjwa. Alianza mwenye nyumba wetu, Mama Zabibu, yule mjane mwenye sukari niliyewahi kukueleza. Akaomba apimwe tu, mara moja tu. Jumapili iliyofuata akaja dada yake na mguu wenye kidonda, kisha majirani wa dada yake. Mwezi haujaisha, ua wetu umejaa watu tangu asubuhi, wengine wametoka Cibitoke, wengine Kinama kwa miguu na watoto mgongoni, kwa kuwa zahanati zao zimefungwa na dawa madukani hazishikiki kwa bei. Benchi la wateja wangu linakaliwa na wenye kikohozi. Naambiwa nisimamishe cherehani, dokta anasikiliza kifua. Mzee mmoja mwenye ngiri alishusha suruali mbele ya gauni la bibi harusi wa watu, hata hakuniomba radhi. Nami napita katikati yao na sinia la chai, namtafuta mchumba wangu kwa macho, na nikimwona, ameinamia jipu la mtu.

Ikatimia miezi minane hana kauli. Mama, mimi ningefanya nini? Mwanamke hajiposi. Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkuu, nikangoja huo mshindo nikachoka. Nikaanza kujisemea kwamba anaona haya kuoa mwanamke aliyeachwa, mshona nguo, mwenye mtoto wa mtu. Nilikuwa nampenda, nakuambia wazi, na ndiyo maana nilikuwa nalia nikikata vitambaa. Ndipo nilipokuandikia kuwa narudi. Nikafunga vyombo.

Jumapili moja nikamwambia mbele ya chai yake kwamba nakwenda kwetu na sirudi. Nilitaka kuona uso wake. Aliweka kikombe chini, akautazama mlango ambao Rukia alikuwa amejificha nyuma yake, akasema kwa sauti ndogo, "Basi mutoto hataleta maji."

Nikamuuliza maji gani.

"Maji ya kunawa. Si ni desturi yenu? Mama Zabibu aliniambia. Mutu akitaka mwanamuke mwenye mutoto, apana kusema kitu mpaka mutoto mwenyewe amuletee maji ya mikono, bila kutumwa. Mi niko nangoya. Niliuliza kama inakawia, akaniambia mwenda pole hajikwai."

Mama, nilishika kichwa. Wewe umezaliwa Ujiji, bibi yako kazaliwa Ujiji, umewahi kusikia desturi hiyo? Huyu mtu amesoma vitabu vinavyojaza kabati, anafungua matumbo ya watu na kuyafunga, na hakwenda kuuliza kwa mtu mwingine hata mmoja. Anasema aliogopa kuikosea heshima dini na mila yangu. Tena kuna jambo moja ambalo Mama Zabibu alimwambia kweli, kwamba hawezi kunioa bila kusilimu, na hilo alikuwa ameshalifanya kimyakimya kwa sheikh wa mtaa. Anaitwa Yunus sasa. Nusu ukweli, nusu uongo, na yeye ameubeba wote. Amekaa miezi minane anamngoja mtoto ambaye akimwona hukimbilia mvunguni, na Mama Zabibu aliichagua desturi hiyo akijua vizuri mtoto yuko mvunguni.

Sikungoja hata nivae viatu. Nilikwenda chumbani kwa Mama Zabibu na hasira zangu zote. Nilimwambia kwamba nimemfulia alipougua, nimemshonea bure gauni la Idi, na kweli fadhila ya punda ni mateke. Nilimwambia ameniibia miezi minane mizima. Alinisikiliza amekaa kitandani, miguu imevimba, hakukana hata neno moja. Nilipoishiwa pumzi akasema:

"We ukienda Mutanga, ni nani atashuka huku kwetu? Mi nilizika wajukuu wawili mu hii vita, na apana kwa risasi. Kwa homa. Kila mutu anauliza juu ya risasi. Ya homa hakuna mwenye anauliza. Sasa Mungu ameleta docteur mu ua yangu, we unataka nimufungulie mulango aende?"

Nilikumbuka Rukia alivyokuwa amekakamaa mikononi mwangu. Kama gari la huyu bwana lisingeharibika siku ile mimi ningekuwa kama Mama Zabibu. Lakini hasira haikuisha, usidhani. Nilimwambia ni mwongo na ni mchoyo, na nikaufunga mlango kwa nguvu, na kitasa kikabaki mkononi mwangu. Mpaka leo hakijatengenezwa na kila asubuhi ananikumbusha.

Kwa dokta sikurudi siku ile. Nilimkasirikia yeye pia. Mtu mzima, mwenye mali, anayempigia simu mkubwa yeyote mjini, anashindwa kuniuliza mimi niliyekaa mbele yake na sindano ya kushonea. Nikasema na angoje wiki moja zaidi, si amezoea.

Jumapili hii iliyopita ua ulikuwa umejaa kama kawaida. Mama Zabibu mbele kabisa, anakwepa macho yangu. Dokta amekaa kwenye stuli, amekonda kwa wiki hiyo moja, amevaa shati ambalo halikuona hata pasi. Nilichukua birika na lile beseni langu la maua, nikapita katikati ya wagonjwa, nikamwambia mama mmoja wa Kinama asogeze watoto wake, nikasimama mbele yake. Watu wote wakageuka kututazama, hata mwenye kikohozi.

Nikamwambia, "Dokta, desturi hiyo haipo. Haijawahi kuwepo. Lete mikono yako, unawe, useme ulichokuja kusema."

Nikammwagia maji. Alinawa taratibu sana, Mama, hiyo mikono inayofunga matumbo ya watu. Kisha akaniambia, "Mi nataka tukae pamoja. We, mi, na huyu mwenye ananichukia."

Wanawake wakapiga vigelegele kabla sijajibu, kama kwamba ni wao walioposwa. Rukia alitokeza kichwa mlangoni kuona kelele ni za nini. Hakuja karibu. Alimtupia taulo kutoka pale pale kizingitini, kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa, akakimbia. Dokta alilidaka akafuta mikono, akafuta na macho.

Nilimjibu kwamba posa haipokelewi na mwanamke uani, inapokelewa na wazee wangu. Lakini mahari ni haki yangu kuitaja, na hiyo niliitaja hapo hapo, wote wasikie. Sitaki dhahabu wala gari. Kila Jumapili, maadamu yuko hai na yuko katika mji huu, begi lake lishuke Buyenzi kwenye ua wa Mama Zabibu, hata siku tutakayogombana. Hata mimi nikifa kabla yake. Sheikh tulipomuuliza alikuna ndevu, akasema kazi yenye manufaa inafaa kuwa mahari, ila aongeze hata Msahafu mmoja ili nyinyi wazee msione ajabu.

Mama Zabibu alijifunika ushungi usoni akalia. Nilimwona na sikumwendea. Baadaye jioni nilimpelekea uji usio na sukari, nikauweka mlangoni, nikagonga nikaondoka. Alikula, kwa sababu bakuli nililikuta limeoshwa. Bado hatujazungumza vizuri na mimi bado nimekasirika. Usiniandikie nimsamehe, nitamsamehe nikiwa tayari.

Basi, Mama, ninachokuomba ni radhi yako. Najua hii nchi inakutisha, na najua ulikuwa umeshanitengea chumba cha nyuma. Unasema ukisikia redio inataja Bujumbura chakula hakishuki. Mimi pia kuna siku naogopa mpaka nashona mshono uleule mara mbili. Lakini nikirudi huko nitakuwa salama na nitakuwa nalia kila Jumapili, na wewe utachoka kuninyamazisha. Ukikataa, andika kwa mkono wako, nitakuja kama nilivyoahidi, na yeye nimeshamwambia hivyo. Alisema mama ni mama. Ukikubali, mtume mjomba Hamisi aje kusimama walii wangu wa kuniozesha, maana marehemu baba hana ndugu aliyebaki, na sheikh ameridhia. Aje na huyu shemeji wa fundi, njia anaijua na askari wa vizuizini wanamjua.

Nisalimie dada yangu mkubwa na mumewe, mwambie zile nguo za mapacha ziko tayari. Nisalimie bibi mzaa baba, umwambie kwa sauti kwamba mchumba ni daktari, atafurahi, kisha umwambie aache kutangaza. Nisalimie mwalimu wangu wa madrasa kama bado anaona. Rukia anakusalimu na anauliza kama huko kwako kuna madaktari. Nimemwambia wapo.

Na mjomba mweleze mapema, Mama, kabla hajapanda hata boti ya kuja huku. Anakuja kama walii. Akifika, azungumze mahari, akubali, ale, apumzike. Goti asilitaje mezani. Likimuuma sana, aamke mapema Jumapili akakae kwenye benchi nyuma ya watu wa Kinama, angoje zamu yake.

Mwanao anayekupenda na aliyechoka,
Mariamu