Amplifaya Uliyoichora Mgongoni mwa Boksi

Ami Nassor,

Nilikusalimia Ijumaa pale makaburini, lakini palikuwa na watu, na mtu mzima hawezi kusimama mbele ya kaburi akaanza kumhoji marehemu juu ya mambo ya amplifaya. Wangesema Twalibu naye akili zimemruka. Basi nimekaa kwenye benchi letu la kazi, mlango nimeurudisha nusu, na karatasi hii ni ile ile ya kupimia maboksi ya spika za magari. Penseli pia ni yako, ile fupi uliyokuwa ukiipachika nyuma ya sikio halafu ukaitafuta chumba kizima. Nianzie wapi, wallahi sijui. Nimevurugikiwa, Ami, na mtu niliyezoea kumuuliza ndiwe uliyeondoka.

Leo ni mwezi na siku kumi tangu tukuzike. Bi Rukia yuko ndani kwenye eda yake, hatoki, na mimi si maharimu wake, kwa hivyo nikiwa na neno namwambia binti yenu Zuhra mlangoni, naye huenda nalo ndani akanirudishia jibu. Kazi zipo. Yule muuza kahawa bado hunipimia vikombe viwili asubuhi, changu na chako, nami nimeshindwa kumwambia aache. Navinywa vyote viwili, kisha moyo wanienda mbio mpaka adhuhuri.

Wakumbuka boksi langu la kwanza? Nililipima buti la gari kwa uangalifu mkubwa, nikakata mbao, nikagundisha, nikapiga skrubu, nikaziba viungo vyote kwa silikoni, nikalivisha zulia jeusi. Likapendeza kama kiti cha bibi harusi. Tulipolinyanyua kulipeleka kwenye gari, mwisho wa kichochoro, halikupita mlangoni. Nililipima buti, mlango wa karakana yetu sikuupima! Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nilikasirika nikataka kuvunja mlango, ukaniambia, "Mlango huu wa babu wa babu zangu, ewe Bwana Najua. Kata boksi lako." Jina hilo likaniganda miaka kumi na minne. Kila nilipojifanya mjuzi uliniita hivyo, na sikuacha kujifanya mjuzi, ndiyo maana nakuandikia.

Katika miaka yote hiyo ulikuwa na amri moja isiyo na mjadala: amplifaya haipandi juu ya boksi. Chini ya kiti, sawa. Ubavuni mwa buti, sawa, mradi ipate hewa, maana yapata moto. Nyuma ya kiti, tutazungumza. Lakini kwenye boksi lenyewe la subufa, hapana. Boksi latetemeka kutwa, skrubu zalegea, viungo vya nyaya vilivyochomewa risasi ndani ya amplifaya vyakatika kimoja kimoja, na kila tundu la skrubu ni mahali pa kuvuja hewa. "Boksi likivuja, besi yakohoa." Alikuja kijana mmoja kutoka Makupa akataka amplifaya iwekwe juu ya boksi, na taa za buluu, ili marafiki zake waione. Ulimwambia taa akaziwashe harusini. Alikwenda zake amenuna, ukamwacha aende.

Sasa nieleze, Ami. Siku ile natoka Marikiti kununua gundi, naingia, nakuta boksi la Badi limesimama juu ya benchi. Badi yule muuza machungwa, mwenye kigari cheupe cha mizigo, aliyetusumbua mwaka mzima kwamba ataka besi ya kumtikisa mgongo. Boksi ulikuwa umelifunga vizuri, safi. Na mgongoni mwake, kwa penseli hii, umechora umbo la amplifaya. Pembe nne, na nukta nne za skrubu. Ubavu wa kulia na wa kushoto umechora viduara virefu viwili nisivyovielewa. Na kwenye benchi umeweka ndala yako kuukuu, umeikata vipande vinne sawasawa, kila kimoja na tundu katikati.

Nikasema, Ami, hii nini? Ukaniambia, "Ni amplifaya, huoni?" Nikasema, lakini wewe ndiye uliyekataza. Nami sikusema kwa adabu, nakiri. Nilisema kwa sauti ile ya kumsemesha mgonjwa. Nikakushika bega nikakwambia, umechoka, Ami, nenda nyumbani ukapumzike. Ukachukua kofia yako. "Haya, Bwana Najua." Ukaenda zako. Wala hukunieleza, wala mimi sikuuliza.

Na si hilo tu lililonitia wasiwasi. Wiki hiyo uliniita Said mara mbili. Miwani yako niliikuta ndani ya kopo la gundi. Mambo haya niliyakusanya kichwani, moja juu ya jingine, kwa sababu nilikuwa naogopa. Nilikuona umekonda, nikaogopa.

Jioni ile Bi Rukia aliniita. Alisimama nyuma ya pazia la mlango, akaniuliza, "Twalibu, yuko vipi huko kazini? Maana nyumbani hana neno jingine ila Malindi." Akaniambia wewe wataka upelekwe Malindi kwa nduguyo Said, wataka uende wiki hiyo hiyo, husikii la mtu. Yeye hakujua achukulie vipi. Miaka ishirini hamsemezani, hata jina lake lilikuwa halitajwi nyumbani, sasa ghafla Said, Said. Aliniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye nashinda nawe.

Nami nikajibu. Nikasema, Bi Rukia, hayuko sawa. Anachora amplifaya juu ya boksi. Anakata ndala vipande vipande anavipanga. Mtu aliyekataza jambo hilo maisha yake yote! Nilimwambia akili zake zimeanza kukorogeka, na safari itazidi kumchosha, bora atulizwe. Nilizungumza kama daktari. Bi Rukia akalia kule nyuma ya pazia, kisha akasema, "Basi tumtulize." Ukatulizwa. Kila ukitaja Malindi unaambiwa kesho, inshallah, kesho. Malindi hapo, Ami! Mtu hutoka alfajiri akarudi kuswali magharibi nyumbani kwake.

Siku kumi na mbili baadaye ukakimbizwa hospitali, na moyo wako ukasimama huko huko. Badi ndiye aliyekwenda kukuchukua, kwa kigari kile kile, maana maiti wote wa mtaa wetu yeye ndiye huwaleta kutoka hospitali, bila kuitisha chochote. Nilikaa nyuma kando ya jeneza, nimelishika lisiteleze kwenye kona. Pale pale palipokuwa pa kuwekwa boksi. Nilikuwa natazama sakafu ya gari, najua vipimo vyake vyote kwa moyo, na bado kichwa hiki hakikufikiri kitu.

Baada ya matanga nikarudi kazini kulimaliza boksi la Badi. Nilitaka litoke kwa heshima yako, lisiwe na aibu. Nikachukua msasa nikaifuta ile michoro, Ami. Niliifuta taratibu huku nalia, nikidhani nakustiri. Vile vipande vya ndala nikavisukumia ndani ya mtoto wa meza. Nikaweka amplifaya chini ya kiti cha dereva kama ulivyonifundisha, nyaya nene nikazipitisha chini ya zulia, boksi nikalikaza sakafuni kwa skrubu sita ndefu na silikoni kuzunguka. Badi alipokuja kuchukua gari alinikuta macho mekundu, akanipa pole akaondoka, hakuuliza jambo. Nami nilifurahi kwamba hakuuliza.

Wiki iliyopita akafariki mama mmoja wa hapa mtaani, hospitali ile ile. Watu wakataka azikwe baada ya alasiri. Badi akaitwa, akafungua mlango wa nyuma, na boksi langu limejaa hapo kama kasri. Wakalivuta, halitoki. Wakatafuta bisibisi, skrubu zimezama chini ya zulia. Mtu akakata silikoni kwa kisu cha machungwa, wapi. Wakaenda kuazima gari jingine upande wa pili wa mji, na yule mama akazikwa magharibi, jamaa zake wamesimama barazani muda wote huo wakitazamana.

Kesho yake Badi aliingia hapa akipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kutoka kwake. "Twalibu, mzee hakukwambia? Boksi la kutoka! Tulikubaliana liwe la kutoka!" Ndipo nikaelezwa, na mimi nimesimama na msasa mkononi kama mjinga. Kumbe mlikaa naye pale barazani siku nipo Marikiti. Kumbe alikwambia ataka besi lakini aona haya boksi lizibe nafasi ya maiti, na wewe ukamwambia usiwe na shaka, tutaibandika amplifaya mgongoni mwa boksi, ziwe kitu kimoja, plagi moja ya kuchomoa, mikono miwili ya kubebea. Watu wawili wanalitoa kabla kahawa haijapoa. Vile viduara virefu vilikuwa mikono! Na vipande vya ndala vilikuwa vya kukaa chini ya amplifaya, mtetemo usiifikie. Ulikuwa umelijibu kila neno la amri yako mwenyewe. Hukuwa umeisahau, uliizidi.

Nilikwenda kwenye mtoto wa meza nikavitoa. Vilikuwa sawa kama vimepimwa kwa mashine. Mtu aliyepotewa na akili hakati hivyo, Ami. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi la mbao.

Nimeshalitengeneza upya boksi lile. Kazi hiyo haikuwa nyepesi, kwa sababu alama zako niliziua kwa mkono wangu, na sikukumbuka kama amplifaya uliiweka vidole vinne kutoka ukingoni au vitano. Nimeweka vinne. Nimetia silikoni kwenye kila tundu la skrubu, nimetia ndala zako, nimelipigisha muziki saa nzima. Halikohoi. Badi na mwenzake wamelitoa na kulirudisha mara tatu mbele yangu. Ya boksi yamekwisha.

Lakini haya mengine nifanyeje nayo? Kama kwa amplifaya ulikuwa timamu, basi na kwa Malindi ulikuwa timamu. Au siyo? Nazunguka na swali hili kutwa. Mara najiambia, la, miwani kwenye gundi je? Mara najiambia, mimi mwenyewe juzi nimetia simu kwenye kopo la misumari. Uliponiita Said nilihesabu kuwa ni dalili ya ugonjwa. Sasa sijui tena. Labda ulikuwa unamuwaza tu, kutwa kucha, jina likakutoka. Sina wa kumuuliza. Hata ugomvi wenu sikuwahi kujua ulikuwa wa nini.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ya mazishi Ami Said alikuja. Alifika wakati twafukia, kavaa kanzu yenye vumbi la safari, akasimama nyuma kabisa. Kwa sura ni wewe mtupu, nilishtuka. Walipotawanyika watu alinifuata mimi, sijui nani alimwambia kuwa nilikuwa nawe kazini, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Alinitaja?" Nami, Mungu anisamehe, nilitaka kumpunguzia uzito. Nikamwambia, mwishoni alikuwa hajijui, Ami Said, hata akikutaja alikuwa hajui asemalo. Alitikisa kichwa. Hakuingia nyumbani kwako. Alikwenda moja kwa moja kupanda basi.

Ulinitaja mimi kwa jina lake, ukamtaja kwa mkeo kila siku, na mimi nikamwambia hukujua usemalo.

Jana nilimwambia Zuhra mlangoni. Nilimwambia la amplifaya, la ndala, la Badi. Akaingia ndani. Nilingoja sana, nikasikia wanazungumza chini chini. Nilidhani atatoka kunifukuza. Akatoka, macho yake hayanitazami, akasema, "Mama asema, nenda Malindi." Hakuna jingine. Sijui kama amenisamehe. Sijui kama yeye mwenyewe amejisamehe, yuko humo ndani na siku zake zote zilizobaki za eda, akiniwaza mimi na maneno yangu.

Basi Jumamosi naenda, inshallah. Badi amekubali kunipeleka, machungwa yake atamwachia nduguye. Nimejaribu kuyapanga maneno nikashindwa. Nikianza na amplifaya, Ami Said ataniona mwendawazimu. Nikianza na Malindi, atauliza kwa nini nilimwambia vile makaburini. Naona sitayapanga. Yatoke yatakavyotoka, mradi yatoke mbele yake, si kwa simu.

Nisamehe, Ami wangu, ikiwa hao walioko huko wanaruhusiwa kusamehe. Mungu aliweke kaburi lako pana, lenye hewa. Nakuahidi hili, na Badi atakuwa shahidi wangu: nitabisha hodi, nitakaa chini, nitamwambia Nassor alitaka kuja kwako, aliomba kila siku, na akili zake zilikuwa timamu. Aliyemzuia ni mimi.

Mwanafunzi wako,
Twalibu