Marahaba Isiyo na Shikamoo

Jumatano

Naichukia ile hoteli. Naichukia veranda yake, na picha ya mzungu aliyeijenga zamani kama nyumba yake, ambayo tunaifuta vumbi kila asubuhi kana kwamba ni babu yetu.

Meneja ametukataza kusema shikamoo. Eti wageni wa hadhi hawapendi kuonekana wazee, tuseme "Karibu, madam." Atakayekosea arudi kwao. Na mimi bado niko kwenye majaribio.

Leo Bibi alipanda kutoka Mjimwema kuniletea sweta, kwa sababu ya baridi ya Matogoro. Akaja moja kwa moja verandani. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Karibu, madam," nikasema.

Bibi akanitazama. "Madam ndiyo nani? Wamekulisha nini humu?"

Meneja akamwambia wauza mboga wanapitia jikoni. Nami sikumwambia kwamba huyu ni bibi yangu.

Bibi akaniwekea sweta begani, akasema kwa sauti iliyofika mpaka ndani, "Marahaba, mjukuu wangu." Akaondoka.

Naogopa kukosa kazi. Lakini kesho nitamwamkia meneja mwenyewe shikamoo, mbele ya wageni wake wote. Anifukuze.