Mkungu Niliourudisha

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, kule Bukoba na huku Muleba pia, na mimi nimechoka kuomba.

Naandika nikiwa Kagoma, kwenye chumba cha kituo tunachokiita ofisi kwa sababu tu kina meza. Mwanga wa jioni bado upo. Kwa kawaida Alhamisi saa kama hizi huwa nafagia ukumbi, natandika mikeka, napanga ile mito ya mchanga ya kuwaegemeza watoto. Leo nimekaa tu. Mikeka imekunjwa pale ukutani na sina hamu ya kuigusa.

Kwa wewe uliyeingia kwenye blogu hii leo kwa mara ya kwanza: hapa tunapokea watoto wenye mtindio wa ubongo. Wako kumi na mmoja. Kila Ijumaa mama zao na bibi zao huwabeba mgongoni mpaka hapa, na Edga, mtaalamu wa mazoezi tiba kutoka mjini, huwanyoosha viungo na kuwafundisha kushika shingo, kukaa, na wachache kusimama. Kwa miaka sita gharama zote zilibebwa na mfadhili mmoja wa ng'ambo. Miezi miwili iliyopita ikaja barua yenye maneno matamu, kwamba vipaumbele vyao vimebadilika na wanatutakia kila la heri.

Kila la heri. Nimeisoma mara nyingi hiyo, na bado sijui inapikwaje.

Edga amekuja Ijumaa tatu kwa nauli yake mwenyewe. Leo asubuhi ameniandikia kwamba kesho hataweza, na kwamba asinidanganye, hata Ijumaa ijayo haoni njia. Ana watoto wawili, kodi ya nyumba, na zamu za hospitali. Simlaumu. Ila nakumbuka aliwahi kuniambia kuwa misuli ya watoto hawa ikiachwa hukaza tena, na walichokipata kwa mwaka mzima kinaweza kupotea kwa miezi michache.

Namfikiria Koku. Ana miaka mitano. Mwezi uliopita alikaa mwenyewe juu ya mkeka, bila kushikwa, mpaka bibi yake akamaliza kuimba pambio zima. Tulilia sote, hata Edga, aliyesingizia vumbi.

Na mimi ndiye ninayetakiwa kuhakikisha hilo halipotei. Mimi!

Tangu barua ile nimebisha hodi kila mahali ninapopajua. Usharikani kwetu Buhembe mchungaji alinisikiliza vizuri, akasema mnada wa mavuno wa msimu huu umeshapangiwa paa la kanisa, tusubiri ujao. Halmashauri, dada mmoja mpole sana alinieleza kwamba mikopo yao ni ya vikundi vinavyozalisha na kurejesha, kisha akaniuliza watoto wangu wanazalisha nini. Hakuuliza kwa ubaya. Fomu ndiyo iliyouliza. Hapa Kagoma nilikwenda kwa bujuni, kile chama cha kusaidiana ambacho karibu kila kaya imo. Ukifiwa, wanakuja na kuni, maji, ndizi na turubai, hata hujui nani kaleta nini. Mwenyekiti wao, Ta Laurian, alinijibu kwa heshima zote, na lile neno letu la kumheshimu mtu, waitu: "Mwalimu waitu, katiba yetu ni ya msiba. Mtoto aliye hai hatuna kifungu chake."

Niliondoka na hasira za kijinga. Nilitaka kumuuliza kama basi tusubiri wafe. Nashukuru sikuuliza.

Leo ilikuwa zamu ya Mzee Salumu, muuza magodoro wa mjini. Familia yake ilitoka pwani enzi za babu yake, na Kihaya chake kinashinda changu. Nilivaa gauni la kanisani, nikabeba andiko la mradi ambalo nimelihariri mpaka nimelikinai. Alinivutia kiti, akaagiza chai, akaacha wateja wasubiri. Andiko hakulifungua. Aliliweka juu ya godoro, akaniuliza, "Mwalimu, watu wa Kagoma wenyewe wanatoa nini?"

Nikajibu kwamba jamii inashiriki kikamilifu.

Akacheka mpaka akakohoa. "Hayo ni maneno ya kwenye karatasi. Nakuuliza wanaleta nini. Mkaa? Ndizi? Maharage?"

Miaka sita nimeandika kwenye kila ripoti kwamba jamii inashiriki kikamilifu, na leo mtu mmoja kauliza maana yake, nikakosa hata kijiko cha chumvi cha kumwonyesha.

Hakunifukuza. Alisema atatoa, na atazungumza na wenzake wa msikitini na wa sokoni. Lakini hatakuwa wa kwanza kutoa kwa watoto ambao kwao hakuna aliyewatolea. "Niletee karatasi yenye majina ya watu wa Kagoma na walicholeta. Hata mkungu mmoja. Mimi nitaanzia hapo."

Hata mkungu mmoja. Hakujua amegusa wapi.

Sasa niseme lile ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Miaka mitatu iliyopita, Ma Yunia, bibi yake Koku, alikuja Ijumaa moja akiwa na mtoto mgongoni na mkungu wa ebitoke kichwani, zile ndizi zetu za kupika. Mkungu mzuri, umekomaa sawasawa. Siku hiyo wageni wa mfadhili walikuwa ukumbini na kamera zao. Kanuni yao ilisema huduma ni bure kabisa na familia zisitozwe chochote, nami nikaogopa wakiuona ule mkungu watadhani tunawatoza watu. Ningeweza kumwomba auweke nyuma ya nyumba. Ningeweza kuupokea na kuwaeleza wageni kwamba kwetu mtu akitendewa wema hukosa raha mpaka alete kitu. Badala yake nilimfuata pale mlangoni, mbele ya akina mama wote, nikamwambia kwa Kiswahili changu cha darasani: "Ma Yunia, urudishe nyumbani. Hapa hatuhitaji."

Akasema asante. Akamwachia Koku mama mwingine, akajitwika tena mkungu wake, akaupeleka kwake, akarudi mikono mitupu akakaa kwenye benchi kama kawaida. Mimi ni Mhaya. Najua kukataa chakula ambacho mtu amekubebea maana yake nini. Nilijua hata wakati ule, na bado nikajisifu moyoni kwamba wageni hawakuona kitu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeleta hata parachichi.

Watu wakazoea kusema kituo kina wazungu wake. Nami kwenye vikao nikawa nalalamika kwamba jamii haina mwamko. Mwamko! Niliuzima mwenyewe pale mlangoni.

Basi, nilipotoka kwa Mzee Salumu nilinunua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa wa kwanza: upande huu jina, upande ule alicholeta. Njiani kuja Muleba nikawa najifunza maneno ya kusema. Niliamua kuanza na Ma Yunia. Akina mama wengine humsikiliza yeye, na jina lake likikaa juu, mengine yatafuata. Nakiri niliipiga hesabu hiyo. Hata kumwomba radhi nilikupanga kama shughuli mojawapo ya mradi.

Nilifika kwake saa kumi, mvua ikiwa imepungua. Kibanja chake, lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba, nilikuwa nimekiona mara moja tu, nilipokwenda na dodoso kujaza idadi ya vyumba na mifugo. Nakumbuka migomba iliyoshonana mpaka uani kukawa na giza. Leo nilisimama njiani nikadhani nimekosea nyumba. Palikuwa peupe. Mibuni michache, mihogo michanga, na matope.

Mnyauko, ule ugonjwa wa migomba. Majani yalianza kuwa ya njano, ndizi zikawa zinaoza zikiwa mtini, bwana shamba akaagiza migomba ing'olewe yote na kufukiwa. "Ulikuwa hujui?" Ma Yunia aliniuliza, akinishangaa kweli. Koku analetwa kituoni kila Ijumaa na mimi namwandika amehudhuria. Sikujua.

Daftari lilikuwa mkobani. Sikulitoa.

Alinipa kahawa ya kutafuna, akanikalisha mkekani karibu na Koku. Koku alinitambua, akacheka kile kicheko chake cha upande mmoja. Maneno niliyojifunza njiani, ushiriki, umiliki, uendelevu, niliyaacha yote. Nikasema tu kwamba mfadhili ameondoka. Akasema wamesikia. Nikasema sijui tutafanyaje. "Pole, waitu," akaniambia, kwa ile sauti tunayowapa pole wafiwa, na hapo machozi yakanitoka, mimi mwalimu mzima, mbele ya mtoto.

Sikuomba kitu. Ningemwomba nini mtu aliyefukia kibanja chake? Na radhi pia sikuomba. Nilishindwa. Ilikuwa rahisi zaidi kupewa pole.

Nilipoaga aliingia jikoni akatoka na boga. Boga moja, na kwa nilivyoona pale jikoni, halikuwa na mwenzake. Nilinyoosha mikono yote miwili haraka, nisije nikaonekana nasita. Akanishikisha, akasema taratibu, bila kejeli hata kidogo:

"Hili ni lako mwenyewe, Mwalimu. Usilipeleke kituoni, wasije wakalirudisha."

Wasije wakalirudisha. Kumbe kwake yeye, siku ile si mimi niliyemrudishia mkungu. Ni wao, wale wageni, wenye kanuni zao. Miaka mitatu amenitetea moyoni mwake bila mimi kujua wala kustahili. Bora angenitukana.

Nilikuwa nimeshavuka mlango alipouliza, "Kesho tuje?"

Nikasema, "Njooni."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Edga haji. Nimeitazama mikono yake kwa miaka yote hiyo, lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, naogopa hata kukunja goti la mtoto nisije nikamuumiza. Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba kesho hakuna mazoezi, asijichoshe kupanda kilima kwenye utelezi na mtoto mzito. Badala yake nikalikumbatia boga nikaondoka.

Sasa boga liko mezani, karibu na daftari. Nimefungua ukurasa wenye mstari. Nikiandika "Ma Yunia, boga moja", Mzee Salumu atatimiza ahadi yake, na huenda Edga akarudi, na huenda Koku akaendelea kukaa. Lakini boga hili halikutolewa kwa kituo. Nilipewa mimi, kwa kuonewa huruma, na aliyelitoa alinikataza kulileta hapa. Nimeishika kalamu, nimeiweka, nimeishika tena.

Sitaandika.

Kesho asubuhi nitalimenya hapa hapa nilipike. Wakishafika wote nitasimama pale pale mlangoni, nimwambie Ma Yunia mbele ya akina mama kwamba wageni hawakuuona hata ule mkungu, niliyeukataa ni mimi. Na kama nimekosea tena kwa kulileta boga lake kituoni, aniambie mbele yao hao hao.

Baada ya hapo sina mpango. Watoto ni kumi na mmoja na boga ni moja. Wakishakula watanitazama waone nani anaanza mazoezi na Koku.

Giza linaanza kuingia. Nimeinuka, nimefagia, nimetandika mikeka.