Somoe ameamka kutoka nusukaputi

Mama, shikamoo.

Mlima ulio kwenye picha ya kadi hii ndio tunaouona dirishani hapa hospitali Masasi. Jana nilikataa kutia saini Somoe apasuliwe ule uvimbe wa shingoni. Niliogopa nusukaputi. Akishalala vile, mwenyewe anakuwa wapi?

Mwalimu wa fizikia, mtu wa Bukoba anayemuuguza mkewe, akaniambia, "Mama Somoe, kuna chembe ndogo mno ambazo kabla hujazipima haziko huku wala kule. Wengine wanasema akili ikilazwa kwa dawa inakuwa hivyo. Kama korosho kabla hujaibangua."

"Wewe Mwalimu hujawahi kubangua," nikamwambia. "Korosho nzima ni nzima tangu ikiwa ndani ya ganda."

Akacheka, halafu akakiri: "Ya chembe yamethibitishwa. Ya akili, kwa kweli, hakuna anayejua."

Nikashika ya korosho: mwanangu atakuwa mle ndani, mzima, hata asiponiitikia. Nikatia saini.

Leo saa saba amefumbua macho, akaomba uji, akaniuliza mbona nalia. Kadi hii nampa dereva wa basi la Newala ikufikie leo hii. Najua hujala vizuri tangu tuondoke. Kula sasa, mama yangu.

Mwanao, Hadija