Ugomvi Wetu wa Mvunguni

Shoga yangu Mwanahamisi,

Jumatatu anahamia mtu chumbani kwako. Nimeona heri usikie kwangu mwenyewe, ingawa huko uliko sijui ni nani wa kukupelekea umbea.

Ni mama wa Bukavu, Mama Furaha, mjane kama tulivyokuwa mimi na wewe. Wenzetu wa msikitini ndio walionitafutia. Wamechoka kuniona tangu tukuzike nikipika chakula cha watu wawili, kisha nusu nawapelekea wao. Alipokuja kuiona nyumba yetu hii ya ghorofani hapa Dixon, ughaibuni, alifungua kabati lako, akauliza, "Mama, hii manguo ni ya nani?" Nikaenda kubandika chai.

Kwa hiyo jana nikaanza kuhamisha vitu vyako, na nilianzia mvunguni, kwa sababu ya ule ugomvi wetu. Unakumbuka ulivyorudi kutoka Richmond Hill, kwa yule bibi wa Kichina uliyekuwa ukimtunza, na elimu yako mpya ya fengshui? Mimi nikasikia "funga sui". Nikakuuliza sui ndiyo nini, na kwa nini ifungwe. Ulicheka hata ukakaa chini pale koridoni, na viatu vya theluji bado miguuni. Ukasema ni kinyume chake, ni kufungua. Nyumba ina pumzi yake, na pumzi hiyo hukwama penye vitu vilivyorundikwa. Stoo isijazwe mpaka juu. Nyuma ya mlango pasitundikwe makoti. Na mvunguni kusiwekwe kitu kabisa.

Hapo ndipo tulipokosana. Mwanamke wa Tanga akinyimwa mvungu, sufuria za shughuli ataziweka wapi? Na mikeka? Na masanduku? Nilikwambia ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na wazee hawakusema hivyo kwa mvungu mtupu. Ukanijibu, "Wazee hawakukaa ghorofani, Zuhura." Tukanuniana mpaka ulipopika mkate wa kumimina kunibembeleza.

Siku zote niliamini unanihubiria tu, kwako kumejaa tele. Basi jana nikapiga magoti, na magoti yangu unayajua, nikainama. Hakuna kitu, shoga. Hata ndara moja. Nilikaa pale pale juu ya zulia nikalia, ndege zinapita juu kwenda kutua kama kawaida yao. Ningekuta hata soksi iliyopotelewa na mwenzake ningeshukuru. Mtu huacha kitu, bwana.

Nyumba sasa ina pumzi kama ulivyotaka, na mimi sijui niifanyie nini. Hakuna wa kunikemea nikitundika koti nyuma ya mlango. Nalitundika makusudi.

Nguo zako nimezitoa kabatini, Mama Furaha apate pa kuweka zake. Mabuibui na masweta nimeyatoa sadaka, nikakuombea dua kwa kila moja. Kanga sikuziweza. Zina harufu yako, ile ya udi na mafuta ya nazi. Nimezikunja, nikazitia sandukuni, nikalisukuma sanduku chini ya kitanda changu mwenyewe. Najua utasema nini. Yule bibi alikuonya kwamba ukilalia vitu vya mtu, usingizini hutamkwepa mwenye vitu. Nawe ukaniambia hivyo kunitisha.

Nakuahidi mgeni wako nitampokea vizuri, na mvunguni mwako hataweka kitu nikiwa hai. Nitamwambia ndiyo sheria ya nyumba. Lakini sanduku langu silitoi, shoga, hilo usiniombe. Mungu akupe nafasi pana huko, kusiwe na cha kukubana. Kwaheri, mwenzangu.

Jana sikukuota. Leo nitalala mapema.

Zuhura wako