Shuka la Sukari la Dada Atupele

Jumatatu, 5 Agosti 1957. Iringa

Nimeosha makarai thelathini na moja leo. Mikono imekunjamana kama ya bibi kizee. Hata hivyo katika bekari hii yote ya Mgiriki hakuna anayeosha karai likang'aa kama mimi. Ukweli lazima usemwe, japo naandika peke yangu.

Barua ya dada Atupele imefika. Harusi yake Jumamosi ya tarehe kumi na saba, nyumbani Mbeya. Mwalimu Festo, huyo bwana harusi, alitaka keki iagizwe kwa Mzee Yoramu, mpishi wa hoteli ya kule. Dada kakataa. Kamwambia ya nini hoteli, na ndugu yangu ni fundi wa keki Iringa?

Maneno hayo nimeyapanda mwenyewe. Kila barua nimeyapanda. Hata Festo nilimwambia, Pasaka, alipokuja kwao hapa Iringa: keki zote nyeupe za harusi za Wazungu nazivika shuka la sukari mimi. Shangazi yake alikuwepo. Mhehe yule, mtani wetu sisi Wanyakyusa, akanitazama toka kichwani mpaka kwenye viatu, viatu vya kuazima. "Haya mtani, tutaona," akasema.

Sijawahi kuvika keki. Kuoka naweza, hilo naapa. Kuvika anavika Madamu, mke wa Mgiriki. Mimi naosha.

Jumatano, 7 Agosti

Leo Madamu katengeneza fondanti. Ndivyo anavyoliita lile donge la sukari. Linasukumwa kama chapati, linafunikwa juu ya keki, keki inatoka nyeupe na laini kama shuka lililopigwa pasi. Nikajifanya nafagia. Nimefagia mahali pamoja mpaka Madamu akauliza kama nachimba kisima.

Niliyoyaona: sukari ya unga. Jelatini, imeyeyushwa kwa maji ya moto. Glisirini ili lisikauke. Anakanda. Hapo nikatumwa kuni. Niliporudi donge limekwisha kuwa donge.

Vipimo sivijui. Ningemwuliza Madamu angenijibu, si mkali. Lakini wenzangu walikuwepo, na hao nimewaambia najua.

Ijumaa, 9 Agosti. Safarini

Basi, vumbi, baridi. Mama mmoja wa Kibena alikaa nami. Nikamhadithia keki toka Iringa mpaka Makambako. Alikuwa amelala toka Mafinga. Mtu msikivu sana.

Madamu kanipa ruhusa siku kumi. Sikumwambia naenda kufanya nini.

Jumamosi, 10 Agosti. Mbeya

Nyumbani nimepokewa kama askofu. Mama kapika ndizi na maharage, kanipa kiti cha marehemu baba. Dada kanishika mkono kanipitisha kwa jirani wote: "Huyu ndiye fundi mwenyewe." Nikacheka kifundi.

Nikaomba Mungu asitokee wa kuniuliza vipimo.

Jumatatu, 12 Agosti

Keki nimeoka leo asubuhi. Sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya kifuniko. Mbili, kubwa na ndogo. Zimeumuka vizuri ajabu. Dada alinusa akafumba macho. Hapo ningekuwa nimeacha, ningekuwa mfalme.

Sasa sukari. Madukani hakuna sukari ya unga, ipo ya chenga tu. Nimetwanga ratili nne kwenye kinu, nikachekecha kwa kitambaa cha melimeli. Nimekohoa sukari, nimepiga chafya sukari. Nyuki wamenifuata mpaka chooni.

Glisirini ipo. Mama hujipaka miguuni, maana Agosti ya hapa inapasua visigino vya watu. Nimechukua nusu chupa. Jelatini hakuna duka lolote. Nikakanda bila jelatini. Likakandika. Nilipolisukuma likapasuka kotekote. Visigino vya mama vina afadhali.

Nimelitupa. Nimemwambia dada nilikuwa napima hali ya hewa.

Jumanne, 13 Agosti

Nimepata akili. Madamu aliwahi kusema jelatini inatoka kwato za ng'ombe. Na nani asiyejua supu ya makongoro ikilala inaganda? Basi. Nimechemsha kwato kutwa, nimeengua mafuta, nimechuja mara tatu. Ikaganda, inatikisika, safi. Nikajiita Madamu.

Nikakanda na sukari. Donge likavutika. Nikalisukuma bila ufa hata mmoja. Nikaimba.

Mama akapita, akasimama mlangoni. "Ambokile, mbona harusi inanuka supu?"

Nikaonja. Sukari, kisha ng'ombe. Ng'ombe mzima, mpaka pembe.

Nimebaki na sukari ya mara moja tu. Siku nne. Naogopa. Naandika hivyo hivyo: naogopa.

Jumatano, 14 Agosti

Nimekwenda kwa Mzee Yoramu. Mlango wa nyuma wa hoteli. Alikuwa anamenya viazi, aproni yake nyeupe kuliko kitu chochote nilichokifanya mimi mwaka huu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa Iringa."

"Ndiye."

"Una haja gani?"

"Jelatini kidogo."

"Fundi hana jelatini?" Akamenya kiazi kizima kabla hajaendelea. "Umevika keki ngapi?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nina majibu siku zote. Nikaliacha.

"Hakuna, mzee."

Hakucheka. Heri angecheka. Nikamwomba aifanye yeye. Akasema hawezi, kesho alfajiri anaondoka na bwana wake kwenda Tukuyu, atarudi Jumamosi mchana. Akaingia ndani, akatoka na jelatini kwenye karatasi. Kidogo, ya mara moja. Akanieleza vipimo, akavirudia tena, akanitaka niviseme mwenyewe mara mbili kama mtoto wa shule.

"Dada yako anajua?"

"Hajui."

"Mwambie kabla keki haijamwambia."

Nimeitikia ndiyo. Sijamwambia. Alikuwa anacheka na wenzake, sikutaka kumkatisha. Huo ni uongo. Nimeogopa uso wake.

Alhamisi, 15 Agosti

LIMEKUBALI.

Jeupe, laini, halipasuki, halinuki ng'ombe. Nimekanda mpaka mabega yanalia. Ukibonyeza kidole linarudi taratibu. Madamu angeliona angeniita mwanangu.

Mzee Yoramu alisema lilale kutwa kucha, limefunikwa vizuri lisipigwe na upepo. Nimekata jani la mgomba nyuma ya nyumba, kubwa, bichi kabisa, nikalifunga barabara. Sisi Wanyakyusa kitu gani hatufungi kwenye jani la mgomba?

Kesho navika. Nilijua toka mwanzo nitaweza.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimefungua. Madoa ya kahawia. Michirizi kila lilipogusa mshipa wa jani, na upande wa chini utomvu umeingia kabisa, kahawia ya kutu. Nimefuta kwa kitambaa. Yameenea. Nimekwangua. Yameingia ndani.

Mama alikuja kuangalia. "Jani bichi? Hukulibabua motoni?"

Nikasema hapana.

"Mtoto wa miaka minne analibabua, Ambokile. Utomvu haujakauka utafunga nini?"

Ni kweli. Nimekuwa nikilishwa kwenye majani yaliyobabuliwa toka nimeota meno. Nimekwenda Iringa kujifunza glisirini nikasahau jani.

Jelatini imekwisha. Mzee Yoramu yuko Tukuyu. Harusi kesho.

Nimefunga nguo zangu kwenye furushi, nikaenda kituo cha mabasi. Naliandika kwa aibu lakini nililifanya. Nilitaka basi la Iringa. Likaja moja kutoka huko huko Iringa, mlango ukafunguka, aliyeshuka wa kwanza ni shangazi yake Festo.

"Alaa, mtani umekuja kunipokea. Una adabu kumbe. Beba huu."

Mzigo wa sufuria, magodoro, kuku wawili hai. Nimebeba. Njia nzima ananiuliza keki ina ghorofa ngapi.

Nyumbani dada alikuwa anasukwa. Nikawaomba wengine watoke. Nikamwambia yote: makarai, kwato, jani. Hakugeuka. Alikaa amenipa mgongo, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

"Umenidanganya kwa barua ngapi?"

Nikahesabu. "Saba."

"Festo alitaka kuiagiza. Nikamkatalia kwa ajili yako. Mbele ya shangazi yake."

Nikalisukuma furushi langu nyuma ya mlango.

Akainuka, akaja jikoni na kichwa kile kile, akaliangalia donge kwa muda mrefu.

"Livike."

"Lina madoa, dada."

"Nina macho. Livike."

Nimevika. Sehemu safi nimeivika keki kubwa, yenye madoa nimeivika ndogo ya juu, kwa kuwa safi ilikuwa haitoshi na hapakuwa na jinsi. Kwa hiyo madoa ndiyo yako juu kabisa, mbele ya macho ya watu wote. Hata ujinga wangu umepanda ghorofa.

Jumamosi, 17 Agosti

Kanisani sikusikia hata neno. Baadaye chumba cha darasa la shule ya kanisa, kimejaa mpaka madirishani. Keki mezani katikati. Nimeiona kwa mbali nikataka kuitupia shuka la kweli.

Wakaimba, wakakaribia kukata. Shangazi yake Festo akasimama, akaizunguka meza taratibu kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mtani wangu, hii keki imelala kwenye matope?"

Wakacheka wote, upande wao na upande wetu. Utani ni utani, hauna kosa. Wakaningoja nijibu. Ningeweza kujibu. Ningesema ndiyo mtindo mpya wa Ulaya, na nusu ya watu wangeamini. Nikamwona dada. Hakuwa ananiomba kitu. Alikuwa anangoja tu kusikia nitasema nini safari hii.

Nikasema, "Shangazi, sijawahi kuvika keki. Hii ni ya kwanza. Iringa naosha makarai. Hayo madoa ni jani la mgomba, sikulibabua."

Kuku mmoja akalia nje, nadhani ni mmoja wa wale niliowabeba.

Dada akachukua kisu. Hakukata ya chini. Akakata ya juu, penye michirizi, akamlisha Festo, kisha akamlisha shangazi kwa mkono wake mwenyewe, kama desturi. Shangazi akatafuna. Akatafuna sana. Akajifuta mdomo.

"Nipe na kile chenye doa kubwa," akasema. "Kikaniume mimi, si wageni."

Wakacheka tena, lakini kicheko kingine. Nikakaa juu ya dawati.

Mzee Yoramu alifika baadaye na vumbi la Tukuyu kwenye koti. Alibonyeza shuka kwa kidole, pembeni, penye usafi. Akangoja lirudi. Likarudi.

"Umekanda vizuri," akasema. "Safari nyingine lifunge kwa kitambaa kibichi, kilichokamuliwa."

Akaenda kula.

Jumapili, 18 Agosti

Wageni wanaondoka kesho, nami nitapanda basi moja nao. Dada ameamka mapema, ameniita nimsaidie kuteka maji. Wakati wa kurudi ameniambia nimwandikie. Nikasema nitamwandikia. Akasema, "Fupi."

Nimefikiria nitakavyomwuliza Madamu. Nitamwuliza wenzangu wakiwepo.

Keki imebaki kipande cha chini. Mama anakifunga kwa ajili ya watu wa Iringa. Amekata jani, amelipitisha juu ya moto, upande huu, upande ule, bila haraka, mpaka likalegea na kung'aa. Akanipa nishike ncha.

Nimeshika.