Dua ya kuniaga kutoka kazi ambayo sijaacha

Atoo, uko? Usinipigie, bado niko dukani Kikuubo, nimejificha stoo nyuma ya marobota ya vitenge.

Bosi, Hajji Zuhair, amenifanyia dua ya kuniaga. Mimi. Na kazi sijaacha.

Mchana katuita wafanyakazi wote, kuna sambusa, kuna juisi, hata shehe amekuja. Nikadhani ni dua ya duka tunayosoma kila mwaka. Banange, Hajji anasimama anasema, "Dada yetu Mwanawetu ameamua kupumzika nyumbani mpaka ajifungue. Tumwombee."

Ameamua. Nani ameamua? Mimba yangu, uamuzi wake.

Watu wakainua mikono, Ruqayya wa kaunta mpaka analia. Na Hajji ni mjanja, nani atabishana na dua? Ukiitikia amin, umeaga mwenyewe.

Sikuitikia. Mikono niliiweka juu ya tumbo. Shehe alipomaliza nikasema mbele ya wote, "Hajji, sijaomba kupumzika. Kama unanifukuza, niambie kosa langu, unisikilize, na niwe na mtu wangu kando. Ndiyo sheria. Na mimba si kosa."

Akasema, "Usiharibu baraka, mama."

Shehe ndiye akamgeukia polepole, "Kwani hakuomba mwenyewe?" Hajji akaangalia sambusa.

Sasa anasema tutaongea kesho asubuhi. Mtu wangu ni wewe, Atoo. Toka Makindye mapema.

Sambusa zao nimekula. Kazi sijaacha.